Wimbo Mmoja, Mashine Mbili

Dijei wa ukumbi huu wa Shinyanga huiweka mashine ya santuri juu ya gunia la pamba, ili vishindo vya wachezaji visiirushe sindano. Mashine ya sidii, iliyonunuliwa mwaka huu, hukaa mezani mbele ya watu. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi huupiga kwenye zote mbili kwa pamoja: sidii inasikika, santuri inazunguka kimya, naye, hedifoni ikiwa kwenye sikio moja, huigusa santuri kwa kidole ili zisiachane.

“Ugali mmoja sufuria mbili, bwana?” mpiga picha humtania. Dijei hucheka tu.

Jumamosi alasiri bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi sidii ilipokwama, ikarudia neno moja. Kabla halijarudiwa mara ya tatu, dijei alikuwa ameshapandisha sauti ya santuri. Bibi harusi hakukosea hatua.

Baadaye mama wa bibi harusi alikuja kuipapasa ile mashine mpya. “Mwanangu, hizi sidii hazina mfano. Santuri zingetuaibisha leo.”

“Kweli kabisa, mama,” alijibu, akiifuta santuri taratibu kwa pamba.