Mshika Taa Aliyebaki Mlangoni

Baba yangu hakuwahi kujali michezo ya kompyuta mpaka mgongo wake ulipovunjika. Baada ya hapo hakuwa na cha kutazama ila mabati ya paa na kompyuta yangu, na mabati alikuwa ameshayachoka.

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya kutwa hapa Machakos. Mchezo wenyewe niliupakua kwa sababu ulitungwa kutokana na utenzi wa kale niliousoma chuoni, wa mtu anayeshuka kuzimu kumtafuta baba yake aliyekufa. Una orofa saba za kwenda chini, zimejaa mizimu na majoka, na unashuka na watu wawili: mpiganaji na mshika taa. Kila nikitoka shule niliketi kando ya kitanda, nikawasha mashine, nikamfasiria baba maandishi ya Kiingereza, nikipumzika kidogo ili nimgeuze ubavu vidonda visizidi.

"Huyu wa taa abaki juu," aliniambia siku ya kwanza.

Nilimweleza kwamba bila taa mpiganaji huishiwa nguvu gizani. Hakutaka kusikia. Alikuwa amechimba visima kwa mikono tangu ujana wake, kuanzia Mwala mpaka Kithyoko, na kwake hakuna mtu anayeingia shimoni bila mwingine kubaki juu. Basi mshika taa akabaki mlangoni na taa yake, bure kabisa, na mpiganaji wetu akafia orofa ya tano. Kesho yake akafia hapo hapo. Alikufa hapo miezi na miezi. Subira sina, na siku moja nilimkaripia mgonjwa wangu.

"Nau," nilimwambia, yaani baba kwa Kikamba, "huu ni mchezo tu. Mtu wa juu ni wa nini?"

"Na nani ako kwa kamba?" akauliza.

Alisema kwa upole, macho kwenye kioo. Nilizima mashine nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Maana siku alipovunjika mgongo kisimani, mtu wa kamba nilikuwa mimi. Shule zilikuwa zimefungwa, msaidizi wake alikuwa anaumwa, nami nikajitolea. Kazi si ngumu: unashika kamba, unahesabu. Akivuta mara mbili, unapandisha ndoo ya udongo. Akivuta mara tatu, anataka kutoka, upesi. Na mtu wa kamba hasalimii mtu. Hata akija askofu, asubiri. Baba alinikumbusha hayo asubuhi ile kabla hajashuka.

Mchana akaja bibi mmoja, rika la nyanya yangu, amejikongoja kutoka ng'ambo ya mto ili aone kama maji yamepatikana. Alisimama hatua kumi hivi kutoka nilipokuwa, akanyoosha mkono. Nililelewa nikijua kwamba mzee hapigiwi kelele za salamu toka mbali. Nikafunga kamba kwenye nguzo, nikaenda, nikainama, nikampa mkono. Akaushika asiuachie. Akaniuliza hali ya nyumbani, ya mifugo, ya shule. Nilipogeuza macho niliona kamba ikivutwa: moja, mbili, tatu. Niliona aibu kuuchomoa mkono wangu kabla hajamaliza. Nikasubiri aulize habari ya mvua. Ndipo ukuta wa kisima ukaporomoka.

Majirani walimfukua akiwa hai. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sikuona kamba ikitikisika. Baba alinisikia nikisema hivyo, tena mara nyingi, na hakunipinga hata siku moja. Kwa miaka mitatu nilimwosha na kumlisha nikiwa na swali moja tu: je, anajua kwamba niliona?

Mwishowe figo zake zilichoka. Daktari aliturudisha nyumbani, na sote wawili tulielewa maana yake. Jioni hiyo, kabla sijaketi vizuri, aliniambia, "Mwaitu, leo enda na huyo wa taa." Ndivyo alivyoniita siku zote, mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Na huku juu abaki nani?"

"Wachana na juu."

Tukashuka wote. Orofa ya tano tuliipita kwa dakika chache, nikaona uchungu kwa miezi yote ile. Katika orofa ya saba tulikuta chumba kitupu na mzee ameketi juu ya jiwe. Mpiganaji anaruhusiwa kumwuliza baba yake jambo moja. Maswali matatu yakatokea kwenye kioo, nikayasoma kimyakimya.

"Imeandikwa nini hapo?" baba akauliza.

"Anauliza kama baba yake alimkasirikia," nilisema. Swali kama hilo halikuwepo.

Nilimsikia akipumua kwa shida.

"Siku ile mimi sikuvuta kamba," akasema. "Udongo ulianguka tu. Sikuvuta."

"Sawa, nau," nilimwambia. Ulikuwa uongo, wa kwanza kuusikia kinywani mwake, na niliupokea wote.