Rakaa Mbili za Jangwani

Picha ile niliibandika mwenyewe kwenye mlango wa friji, nyumbani kwetu Arlington, kwa sumaku yenye umbo la nanasi. Nilikuwa nimeikata kwenye jarida la madereva nililolikuta kituo cha mafuta. Ilikuwa picha ya lori la Australia: kichwa kimoja mbele, trela nne nyuma, barabara ya udongo mwekundu isiyo na mti wala nyumba, na vumbi limesimama nyuma yake kama ukuta. Wenyewe huko huliita treni ya barabarani. Mke wangu aliiona asubuhi alipokuja kuchukua maziwa. "Watu hubandika picha za watoto," akasema, akafunga friji, na picha ikabaki pale miaka.

Picha ya binti yetu ilikuwepo vilevile, ile ndogo ya shule, pembeni kidogo. Mara nyingi nilijitetea nayo moyoni.

Nilikuwa dereva wa masafa marefu. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, na watu wetu wa pwani niliowajua kule Texas walikuwa kwenye teksi, kwenye hospitali, au kwenye maghala ya Grand Prairie. Mimi nami nilianzia ghalani, nikipakia mizigo ili wengine waondoke nayo. Nikachoka kuwaona wakiondoka. Nikasomea leseni kubwa, kisha nikaongeza ruhusa ya kuvuta trela mbili, moja nyuma ya nyingine, zikiungwa kwa kigari kidogo cha magurudumu. Texas haikuruhusu zaidi ya mbili. Hata hizo zilinitosha kuanzia. Barabara ikipinda nilizitazama kwenye kioo cha ubavuni zikinifuata zote mbili, taratibu, bila kelele, nami nikijaa fahari ya kitoto ambayo mpaka leo naona haya kuieleza.

Njia yangu ilikuwa ya magharibi: Fort Worth, Abilene, Midland, Pecos, El Paso, na mara nyingi kusonga mbele mpaka Arizona. Asiyeijua atakwambia huko hakuna kitu. Ni kweli hakuna, na hicho ndicho kilichonivuta. Ukishapita visima vya mafuta na mashine zake zinazoinama na kuinuka kutwa kucha, nchi inabaki tupu. Kuna vichaka vya miiba, milima ya rangi ya biskuti, na mazigazi yanayomeremeta juu ya lami na kukimbia kila ukiyakaribia. Lori la mwenzako unaliona likija muda mrefu kabla hamjapishana. Mkipishana unainua mkono, naye anainua wake, na ujamaa wa siku umekwisha. Hakuna anayekuuliza habari ya bomba la jikoni linalovuja, wala mjomba aliyepiga simu kutoka Mombasa akataka apigiwe. Kule nilikuwa mtu mwepesi. Nilikuwa nikiimba. Nyumbani hakuna aliyewahi kunisikia nikiimba.

Hatia yangu ilikuja Jumapili, wakati wa kufunga mkoba. Mke wangu angekuwa anapiga pasi sare zake za kazi, maana yeye alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wakongwe, na binti yetu yuko mezani na hesabu zake. Mimi nakunja fulana, na ndani ya kifua furaha imeshaanza kuchemka. Basi nilikuwa nakunja na uso pia. Nilikuwa najitia huzuni, mtu mzima mimi! Nilihema, nikalalamika juu ya mgongo wangu, nikasema kazi gani hii. Mke wangu alinitazama juu ya pasi, akaigeuza sare upande wa pili. Nikishafika Weatherford tayari nimeshaanza kuimba, na ninajichukia, na ninaendelea kuimba.

Dini nayo ilinipa nafasi. Msafiri ameruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne akazisali mbili mbili, na kuziunganisha Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja. Nami siku zangu nyingi zilikuwa za safari. Nilikuwa na mswala nyuma ya kiti, na mahali pangu nilipopapenda, uwanja wa kupumzikia magari ukishaipita Van Horn, ambapo upepo ni mkali mpaka mswala unauwekea viatu pembeni usipeperuke. Nilisali mbili, nikatoa salamu, nikasali mbili nyingine, nikarudi kwenye usukani. Sijawahi kusali kwa raha kama pale, jangwa lote mbele yangu na lori limetulia nyuma. Hilo nalo lilinisuta: kwamba nilimpata Mola wangu vizuri zaidi nikiwa mbali na watu aliowaweka mikononi mwangu.

Mwaka mmoja tulikwenda Houston harusini, kwa binamu yake mke wangu. Adhuhuri ilipoingia watu wakanisukuma mbele niwe imamu, kwa kuwa ndevu zangu zilikuwa na mvi nyingi kuliko zao. Nikawaambia mapema, kama inavyotakiwa, "Sisi tuliotoka Arlington ni wasafiri, tunasali mbili. Nyinyi wenyeji, nikishatoa salamu inukeni mmalizie." Ikawa hivyo. Nilitoa salamu, wageni tukabaki tumekaa, wenyeji wakasimama kukamilisha nne zao.

Wakati wa kurudi, garini, binti yetu akataka kujua mbona wengine walisimama tena. Nikamweleza kwa lugha nyepesi: aliye kwake husali kamili, na anayepita njia husali nusu.

"So you always do the half one," akasema.

"Nikiwa safarini, mama."

"But that's always, Baba."

Mke wangu aligeukia dirishani akacheka, nami nikacheka, na gari zima likawa na furaha mpaka tukasimama kununua kahawa.

Baada ya harusi ile mke wangu alianza kunibana, kwa upole wake. Alitaka kitu kimoja tu, mume anayelala nyumbani. Zamu zake zilikuwa za mchana mpaka jioni, na mtoto akitoka shule alikaa kwa jirani Mkongo, mama mwema mwenye watoto wake wanne, mpaka mama yake arudi na kumbeba amesinzia. Rafiki yangu Mzanzibari, dereva mwenzangu, alikuwa ameshanitafutia nafasi: njia ya Houston, trela moja, unaondoka alfajiri na Magharibi inakukuta kwako.

"Sheikh wangu, bosi nishasema naye," aliniambia kwa simu. "Nafasi anaiweka mpaka Jumatatu. Unaitaka huitaki?"

"Naitaka."

"Basi njoo uichukue."

Mke wangu alikuwa ameshazipata habari kutoka kwa mke wa Mzanzibari. Aliniuliza siku hiyohiyo, Ijumaa, mikono yake ikiwa kwenye unga wa chapati. "Ume-apply?"

"Nita-apply."

"Lini?"

"Kesho, inshallah."

Aliendelea kukanda. Inshallah zangu alikuwa anazijua aina zake.

Ukweli ni kwamba sikuitaka. Barabara ya Houston ina watu mwanzo mpaka mwisho, vituo vya mafuta, matangazo, magari madogo yanayokukata mbele. Trela moja niliiona mkokoteni. Na kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kampuni yangu ilikuwa imenidokezea njia za Nevada, ambako trela tatu zinaruhusiwa. Tatu! Nilikuwa nimelala na hizo trela tatu kichwani wiki nzima, nikizipitisha kwenye chumvi na mchanga ambao sijawahi kuuona. Ningekuwa naja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nililipima jambo hilo nikaliona linawezekana, na hapo ndipo ninapojionea haya zaidi, kwamba nililiona linawezekana.

Jumamosi nilikuwa nyumbani, na siku hiyo mke wangu hakuwa na zamu. Adhuhuri ilipofika alitandika miswala sebuleni, wangu mbele, miwili nyuma. Binti alijitanda mtandio wake wa maua. Nikasimama, nikanuia, nikaanza. Mdomo wangu ulikuwa unasoma, na mimi mwenyewe nilikuwa Nevada. Nikarukuu, nikasujudu, nikainuka kwa rakaa ya pili, nikarukuu tena, nikasujudu, nikakaa tahiyatu. Nikaisoma mpaka mwisho. Nikatoa salamu kulia. Nikatoa salamu kushoto.

Hapo kushoto macho yangu yaliangukia kwenye kochi letu, na mkoba wa shule juu yake, na nikatambua nilipo.

Imamu akikosea, mwanamke aliye nyuma humkumbusha kwa kupiga kofi juu ya mkono wake. Mke wangu anajua hivyo tangu chuo cha Kurani. Nilingoja kofi. Halikuja. Badala yake nikasikia magoti yake yakilia, yale magoti yaliyochoshwa na kuinua wazee vitandani, na nguo yake ikichakarika. Alikuwa anasimama. Kisha miguu midogo ikasimama pembeni yake. Walikuwa wanamalizia nne zao, kama wenyeji wa Houston walivyomalizia nyuma yangu.

Sikuweza kugeuka. Nilibaki nimekaa nimewapa mgongo, mikono mapajani, nikiwasikiliza watu wangu wakirukuu na kusujudu bila mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Laiti angegomba. Laiti angenirushia kitu.

Walipotoa salamu, binti alinong'ona, na sebule yetu ilikuwa ndogo. "Mama, was that the road one?"

"Eeh," mke wangu akamjibu, anakunja mswala wake. "Baba yako msafiri. Sisi wenyeji tumemalizia." Alisema kwa sauti ileile ambayo angesema wali umeiva, kisha akaenda jikoni.

Niliinuka nikairudia sala peke yangu, nne kamili, na sikumbuki kama zilinikaa moyoni. Halafu nikampigia Mzanzibari, nikiwa bado na kofia kichwani.

"Ile nafasi ipo?"

"Si nishakwambia ipo? Vipi, umeamshwa?"

"Nimeamshwa," nikasema.

Niliendesha njia ya Houston miaka mingi baada ya hapo. Lile lori la Australia nililibandua mwenyewe kwenye friji, na mke wangu, aliyeona sehemu tupu mlangoni, akaisogeza picha ya shule katikati bila kuniuliza. Lori nimelichomeka ndani ya kikinga jua cha gari langu. Kuna kipande, ukiikaribia Corsicana, ambapo nyumba zinaachana na mashamba yanafunguka pande zote, na kwa dakika chache unaweza kujidanganya kwamba uko magharibi. Hapo bado huwa naimba. Naimba kwa sauti ya chini, na ninakatiza nikiliona bango la kwanza la mjini, kama mtu aliyekutwa anadokoa nyama jikoni.

Jioni nasali nao. Magharibi haina shida, ni tatu kwa mwenyeji na kwa msafiri. Ni Isha. Kila ninapokaa tahiyatu ya katikati, nyuma yangu husikia kimya kinabadilika. Hakuna anayesogea. Mke wangu hajawahi kuitaja siku ile hata mara moja, lakini najua amezuia pumzi, anangoja aone kama nitatoa salamu au nitainuka. Nainuka. Ndipo nasikia magoti yake nayo yakilia, yakinifuata.