Pamba Iliyokataa Wino

Kwa nini tone la maji likidondokea jani la gimbi halililowanishi, bali linajikunja kama gololi na kukimbia? Enzi zetu, bendera ikiwa bado mpya na kila mtu akiitwa ndugu, hakuna aliyenijibu. Asubuhi tukienda shule tulipita bondeni, huko Mugeta, tukachezea umande kwenye majani hayo. Unaliinamisha jani, tone linateleza hadi ukingoni, unalirudisha kabla halijaanguka. Aliyedondosha alibeba majembe ya wenzake hadi shuleni. Nilipomuuliza mama, alisema, "Jani limekataa maji. Na wewe kataa kuchelewa shule." Kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Watoto wa siku hizi kalamu zao zimebeba wino tumboni, na bado wanalalamika kwamba mkono unauma. Sisi tulichovya. Kidau kilikaa kwenye tundu la dawati, na wino uling'ang'ania ncha ya kalamu mpaka uchoke wenyewe, kisha ukadondoka pale pale usipotaka. Karatasi ya kukaushia wino ilikuwa moja kwa darasa zima, nayo ilikuwa imekunywa hadi imelewa. Vidole vyetu vilikuwa vya bluu Jumatatu hadi Jumapili, na kanisani padre alitutambua kwavyo.

Nikiwa darasa la sita, ilitangazwa kwamba mgeni kutoka wilayani, akiwa safarini kwenda Butiama, angesimama kwetu kuona shamba la pamba la shule. Mwalimu Masatu alinichagua mimi niandike risala na kuisoma. Alimwacha Magesa, niliyekaa naye dawati moja, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na yeye alilijua hilo. Mwalimu alinikabidhi karatasi nene, nyeupe, isiyo na mistari. "Hii iko moja tu, binti," alisema. "Ukiichafua, atasoma Magesa." Nyumbani mama alikuwa ameshaifua sare yangu mara mbili, na ndugu zake wote wa Nyegina walikuwa wameshapata habari.

Niliandika nikiwa nimebana pumzi. Nilipofika sentensi ya mwisho, ile ya kuahidi kuongeza mavuno, tone likadondoka. Likakaa juu ya neno "tunaahidi", limevimba, linang'aa.

"Usiguse," Magesa akanong'ona. "Liache likauke."

"Litasambaa."

Mfukoni nilikuwa na pamba niliyochuma asubuhi ile, maana msimu wa pamba kila mfuko Bunda nzima ulikuwa na pamba. Nikaitoa.

"Wewe, umeonaga wapi pamba inafuta wino?"

"Nimeonaga zahanati. Inakunywa dawa yote."

"Hiyo ni ya zahanati. Hii ni ya shamba."

"Pamba ni pamba," nikamwambia, na nikaikandamiza.

Pamba haikunywa hata kidogo. Ililisukuma lile tone kushoto, nikalifuata, ikalisukuma kulia, na ahadi yetu yote ya mavuno ikafunikwa na ziwa la bluu. Magesa hakucheka. Alichukua kipande kingine cha pamba, akakidondoshea wino kwa kalamu yake, na sote wawili tukatazama tone likikaa juu ya nywele za pamba bila kuzama, kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti kwa sababu hajaambiwa karibu. Lilikuwa tone lile lile la kwenye gimbi, limebadilisha nguo tu.

Mwalimu Masatu aliitazama karatasi. "Nilikwambia uandike risala," alisema. "Wewe umeipiga deki." Nikamnyooshea Magesa karatasi. Magesa akaweka mikono nyuma. "Mimi sisomi ziwa, mwalimu," akasema. "Asome aliyelichimba." Hadi leo sijui kama alinionea huruma au alitaka nikaaibike mbele za watu.

Basi mgeni alipofika, nilisoma mimi. Nilisoma vizuri mpaka nilipofika kwenye bluu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya wazazi wengine, midomo yake ikitembea pamoja na yangu. Sentensi ilikuwa imenitoka kichwani. Kilichobaki kichwani ni swali, nikalitoa: "Ndugu mgeni, kwa nini pamba yetu inakataa maji, na ya zahanati inakubali?"

Midomo ya mama ikasimama. Mgeni akacheka, akanipiga begani. "Kwa sababu ile ya zahanati imetoka ng'ambo, mwanangu. Ni pamba ya kisasa. Tukilima kwa bidii, na yetu itafika huko." Watu wakapiga makofi, mama kuliko wote. Njiani kurudi alinisifu kwa swali zuri, akaniomba nisiulize lingine.

Niliondoka pale na aibu ambayo haikuwa ya wino. Msimu ule nilichuma pamba ya shule nikiidharau. Leo nawaona wadogo zetu wakijibiwa na mgeni yeyote mwenye suti, wanaandika jibu haraka kwa kalamu zisizodondosha, na hakuna kinachowachafua kiasi cha kuwafanya waulize tena. Nawaonea wivu kwa usafi wa madaftari yao. Lakini umande wa bondeni siwapi, hata wakiuomba.

Chuo kikuu, katika maabara iliyonuka sabuni, ndipo nilipojua. Jani la gimbi lina vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimepakwa nta, na tone hukaa juu ya vilele vyake likiwa na hewa chini yake. Unywele wa pamba nao huzaliwa na nta, uwe wa Bunda au wa ng'ambo. Ya zahanati ilikuwa imechemshwa kwa magadi makali mpaka nta ikatoka, basi.