Sahani Niliyoirudisha Tupu

Nimekosa, wenzangu. Sizunguki. Nilimkosea jirani, nikamkosea na Mungu ambaye kila Jumapili namwimbia kwa sauti kushinda kanisa zima.

Mimi ni nyanya, tena nyanya wa kujivunia! Shule niliachia darasa la tatu, lakini wanangu wote wamesoma kwa mahamri yangu, na wajukuu wanaongea Kizungu kama maji. Ni Mkristo, na nimekaa mtaa wa Kuze, huku pwani, katikati ya Waislamu, tangu marehemu mume wangu alipokuwa akifanya kazi bandarini. Sijawahi kujiona mgeni. Aliyenifanya nisijione mgeni ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nitamwita Bi Zuhura, si jina lake.

Huku kwetu jirani akikuletea sahani ya chakula, hairudi tupu. Tia chochote, hata ndizi, hata chumvi! Ramadhani Bi Zuhura ananiletea tambi na kaimati, nami nairudisha sahani na maembe. Krismasi nampelekea kuku wa nazi, na kuku huyo nampa Mwislamu amchinje, shoga yangu ale bila wasiwasi. Sahani yenyewe ya bati, nyeupe, ina maua mekundu. Ilizunguka miaka hata tukasahau ilikuwa ya nani.

Sasa mwanawe, Swaleh. Nilimbeba mimi huyo! Aliniita Nyanya kabla wajukuu wangu hawajazaliwa. Alipokua akaingia kwenye unga wa kulevya, akawa teja, akapotelea huko Makupa. Mamake, mjane kama mimi, akaenda kumtafuta, akamrudisha nyumbani mifupa mitupu, anakohoa. Watu wakaanza. Ana kifua kikuu! Ana hiki, ana kile! Anikeni nguo zenu ndani, teja huiba!

Nikaogopa. Jamani, niliogopa!

Binti yangu akapiga simu kutoka Nairobi. "Mama, maadamu huyo teja yuko hapo, watoto hawaji likizo ya Agosti." Kina mama wa kanisa nao: "Mama, wewe ni mtu wa heshima. Usionekane mlango ule." Mimi na heshima yangu! Nikaona afadhali nimkose jirani kuliko kuikosa Agosti yangu.

Ramadhani ikaja, na Bi Zuhura akaja na sahani yetu, mwenyewe, kwa mkono wake. Niliipokea kwa kitambaa, nisiguse alipogusa. Aliona.

Chakula kile niliwamwagia paka. Sahani nikaisugua kwa maji ya moto na dawa, nikaenda kuiweka kizingitini pake. Tupu! Sikupiga hodi. Nikarudi mbio, mzee mzima, kama mwizi.

Jioni nasikia sauti ya Swaleh dirishani pao.

"Nyanya! Shikamoo! Mbona sahani yetu imerudi uchi? Nani kaiba nguo zake, mimi ama wewe?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kijana mgonjwa, lakini utani wake ule ule wa utotoni. Na mimi nilifanya nini? Nilifunga dirisha.

Alikufa mwezi wa sita. Nilisikia kilio cha wanawake kupitia ukuta. Nilikuwa nimeshavaa, leso kichwani, nimeketi kitandani, najiambia sasa natoka, sasa natoka. Nikasikia wanaume wakimtoa kwenda kumzika. Sikutoka. Ukuta mmoja tu, wenzangu!

Na Agosti watoto hawakuja. Binti alisema nauli imepanda.

Tangu hapo nyumba ikawa kimya. Ukuta ule zamani tuliugonga, ngo ngo, "Shoga, umeamka?" Sasa nasikia kijiko chake kikigusa kikombe, na yeye bila shaka anasikia changu. Wanawake wawili, kila mmoja anakunywa chai peke yake.

Desemba ikafika. Sisi kina mama wa kanisa Desemba tuna huruma kweli kweli! Makasha ya unga na mafuta, utepe mwekundu, picha za simu. Bi Zuhura akahesabiwa katika wajane, na mimi nikatangulizwa mbele kwa sababu ni jirani. Nikapiga hodi.

Alifungua. Akatazama kasha, akawatazama wenzangu, akanitazama mimi.

"Shoga, kumbe miguu yako yafika hapa?"

"Tumekuletea Krismasi," nikasema.

"Krismasi." Alilitamka polepole. "Mwanangu alikuwa yuwafa mwezi wa sita. Mwezi wa sita Yesu wenu alikuwa kasafiri?"

Aliyeshika simu ya picha aliiteremsha.

Mwezi wa kwanza nilipika uji, nikawapelekea vijana mateja wanaokaa nyuma ya soko. Si sikukuu, si Jumapili, na wala sikumuaga mtu. Niliogopa wangeniporomoshea matusi au waninyang'anye leso. Mmoja akaonja, akanitazama. "Shikamoo, Mama. Sukari umeiacha nyumbani?" Nikacheka, mwenzenu! Ndicho nilichokuwa nikikiogopa hicho, kijana anayetaka sukari. Sasa naenda nikiwa na uji na nikiwa na maandazi ya jana. Kina mama wananisema. Wacha waseme, midomo ni yao.

Halafu nikapika mbaazi za nazi, nikatia katika sahani mpya, nikaenda kwa Bi Zuhura peke yangu.

"Shoga, niliogopa," nikamwambia. "Chakula chako niliwapa paka."

"Najua," akasema. "Walikuja kukilia mlangoni pangu."

Akaipokea sahani. Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Kesho yake niliikuta kizingitini kwangu. Imeoshwa, inang'aa, tupu. Nikakaa chini pale pale nikalia kama mtoto.

Nyinyi mnaonisoma, msiwe kama mimi! Jirani akiugua, ingia ukiwa na hofu yako, hofu haizuii miguu. Sahani ikija, kula. Mtoto wa mtu akikuamkia dirishani, mwitikie, hata kama dunia nzima inamwita teja. Na msingoje Desemba. Mtu hafi kwa kufuata kalenda ya kanisa.

Mimi bado napeleka. Viazi vya nazi, mahamri, chochote kilichopo. Anapokea, ananiambia ahsante, na sahani inarudi tupu. Jana pia. Niliinyanyua nikaangalia hadi chini yake, kama mjinga, pengine kuna hata chembe ya chumvi.

Hakuna. Leo nimeroweka mbaazi.