Mpira Aliouchagua Mama

Watu wakiona bodi la pikapu yangu, pale nyuma ninapobebea mizigo, huniuliza kwa nini nimetandika mpira mweusi wakati wenzangu wamepuliza rangi nzito au wameweka plastiki. Huwa nawajibu bila haraka, kwa sababu mtu anayeuliza kabla ya kununua anastahili kujibiwa vizuri. Nawaeleza habari za maji na kutu. Iliyobaki sijawahi kumweleza mtu barabarani.

Pikapu ilikuwa ya baba. Kazi yake ni ileile mpaka leo: inashusha ndizi kutoka Mwika hadi sokoni Moshi, na baada ya mavuno inakwenda Kahe kuchukua mabua ya mahindi, maana huku juu mlimani ng'ombe wanakaa bandani na majani hayawatoshi. Mawe, samadi, saruji, vyote vimepita humo. Baba alikuwa ametandika mbao za mgrevilea alizozipasua mwenyewe. Zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa migomba na zilinuka zizi. Nilikuwa nikizionea aibu nikiegesha mjini.

Baba alipolazwa hospitali, funguo niliachiwa mimi, kitinda mimba. Wiki hiyohiyo nikang'oa zile mbao na kuweka plastiki, lile beseni kubwa linalokaa ndani ya bodi kama soksi ndani ya kiatu. Fundi alitoboa matundu, akalikaza kwa skrubu. Liling'aa. Mbao nilimpa jirani anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi, zikawa kuni.

Nilimweleza baba kitandani nikidhani atafurahi.

"Mbao zangu ziko wapi?" akauliza.

"Zilikuwa zimeoza, baba."

"Hazikuoza. Zilikuwa zimezoea kazi." Akageukia ukuta. "Haya. Utanipandisha nyumbani na hiyohiyo."

Alifariki miezi minne baadaye, katikati ya masika.

Kwetu mtu hata afie wapi anarudishwa kuzikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba na kahawa yake. Na katika ukoo wetu marehemu hafungwi kamba. Kamba ni ya mizigo. Wanawe wanakaa nyuma, huku na huku, wanamshika kwa mikono hadi nyumbani. Ndivyo baba alivyompandisha babu, juu ya mbao zilezile.

Kaka zangu wawili walikaa nyuma na jeneza. Mimi niliendesha, mama akiwa pembeni yangu. Lami ilipokwisha tukaingia kwenye kile kilima cha mwisho, udongo mwekundu umegeuka uji. Karibu na kona nikapunguza gia, gari likashtuka, na plastiki ile, ikiwa imelowa, ikawa kama sabuni. Kaka zangu hawakuweza kumzuia baba kwa sababu wao wenyewe, walipokuwa wamekaa, waliteleza naye. Nilisikia kishindo kwenye mlango wa nyuma.

Mama hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele, mikono juu ya mapaja.

"Baba yenu ameanguka," alisema.

Mlango ulishika. Kona moja ya jeneza ilipasuka kidogo tu, wala wazee hawakusema kitu. Tulimzika vizuri, kwa nyimbo na sala. Lakini mama hakunisemesha. Alinipakulia chakula, akaniwekea mbele, akaondoka. Matanga yakaisha, bado. Kaka zangu wakarudi makwao, tukabaki wawili katika nyumba ile, na mlio wa kijiko changu kwenye sahani ndio uliokuwa mazungumzo.

Huku kwetu kuna mmea tunauita isale, unapandwa mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu hadi maneno ya kuomba msamaha yakakuishia, unachuma jani lake, unalipiga fundo, unampelekea. Anayepelekewa hana njia ya kukataa. Hilo ndilo lililonichelewesha: sikutaka mama anisamehe kwa sababu tu hana njia. Lakini asubuhi moja nilichuma, nikasimama mlangoni mwa jiko.

Alilitazama jani, siyo mimi. "Umelichuma wapi?"

"Mpakani."

"Vizuri. La kaburini bado changa." Akalipokea, akalichomeka kwenye ukuta juu ya mafiga. "Nimepokea. Kesho tunashuka wote mjini. Hiyo plastiki itoke."

Kesho yake alipanda gari akiwa amekumbatia kitu alichokifunga kwa khanga. Sikuthubutu kuuliza. Tulifika Pasua kwa fundi wa bodi, mtu mcheshi aliyezoea kututania sisi wa mlimani kwa kutuita Mangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Mama akafungua khanga. Ilikuwa droo ya kabati letu la vyombo, mbao nzuri, imepigwa vanishi.

Fundi akacheka. "Mangi, mwambie mama mimi ni fundi wa magari. Makabati ni mtaa wa pili."

"Kabati limebaki nyumbani," mama akasema. "Wewe ng'oa."

Plastiki ilipotoka tuliinama wote watatu kutazama. Chini yake kulikuwa na maji yaliyokosa pa kutokea, vipande vya mabua vilivyooza, na changarawe iliyokuwa ikisaga rangi kila gari lilipotikisika. Kila tundu la skrubu lilikuwa limezungukwa na kutu. Ni miezi michache tu. Kwa hiyo wewe unayetaka kuweka plastiki ya namna hiyo, sikukatazi, ni nyepesi na inazuia mikwaruzo; ila ujue haikuonyeshi kinachoendelea chini yake. Itoe mara kwa mara, osha, kausha. Kama huna muda huo, chagua kitu kingine, wala usione aibu kumwuliza fundi mara mbili.

Fundi alituletea vipande vya mfano. Bati nene lenye vinundu, zuri kwa anayebeba mawe, ingawa linaongeza uzito na lina kelele. Kipande kilichopulizwa ile rangi nzito ya mpira, inayogandana na chuma hata maji yasipate pa kupita. Hiyo aliisifia sana, na kwa haki, ila alisema wazi kwamba kutu ikiachwa chini yake itaendelea kula gizani, na ukishapuliza huwezi kubandua. Mwisho akaleta mpira mzito wa kutandika tu, wenye mifereji.

"Vilaze vyote hapo chini," mama akamwambia. "Leta maji."

Alimwagia maji kila kipande, akaweka droo juu, akamwagiza fundi anyanyue upande mmoja polepole. Kwenye plastiki yangu ya zamani droo iliondoka kabla fundi hajanyoosha mgongo. Kwenye bati ilisita, kisha ikateremka na kugonga sakafu, na mama akafumba macho. Kwenye kile kilichopulizwa ilikaa vizuri, ikaja kuteleza mwishoni. Kwenye mpira fundi alinyanyua, akanyanyua, hadi mikono ikamtetemeka. Droo haikwenda popote.

"Mama, leo umenifundisha kazi," fundi akasema. "Lakini niambie ukweli, unabeba samani gani?"

"Nabebwa mimi."

Fundi alitabasamu, akaniangalia ili acheke nami, akaona uso wangu. Akaweka mpira chini taratibu.

"Mwanangu huyu ana haraka na kona," mama akaendelea, akifuta droo kwa khanga. "Kamba sitaki. Basi nataka nikilala hapo nikae."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuniita mwanawe. Tulikwangua kutu hadi chuma kikawa cheupe, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaziba matundu, tukatandika mpira. Nyumbani alirudisha droo kwenye kabati, vijiko ndani yake. Doa la maji halikutoka kwenye vanishi.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa nikiunyanyua mpira na kuuanika kwenye ua, maana nao ukiuacha umelala na maji utakuletea kutu ileile. Nikisahau, sauti ilitoka jikoni: "Kitanda changu hujakianika." Mwanzoni nilimwomba asiseme hivyo. Baadaye nikawa namjibu, "Kiko juani, mama." Nilizoea utani huo kiasi kwamba nilisahau ulikuwa wa nini.

Alifariki mwaka huu. Mvua tena. Kaka zangu walikaa nyuma, huku na huku, bila kamba. Pembeni yangu hapakuwa na mtu. Lami ilipokwisha nilifungua kioo nisikie vizuri, mvua ikaniingia mkononi. Kwenye kilima nilipanda mwendo wa mtu anayetembea. Kona ilikuja, gari likashtuka kama lilivyoshtuka siku ile, nami nikangoja kishindo. Nilingoja hadi getini.

"Hakwenda popote," kaka yangu mkubwa aliniambia tulipofungua mlango wa nyuma. Niliitikia kwa kichwa.

Waombolezaji walipomwingiza ndani nilibaki na gari. Manyunyu yalikuwa yamelowesha mpira wote, isipokuwa katikati, pale alipolala. Palibaki pakavu, pamenyooka, urefu wake na upana wake. Ilikuwa Jumamosi. Mikono yangu ilishika ukingo wa mpira kwa mazoea ili niunyanyue, nikauacha. Nilisimama hapo hadi mvua ilipomaliza kupalowesha.