Nani Aanze Kula

Mimi nimekuwa yaya tangu nilipojua kutembea. Kwa sisi tuliorudi Rwanda kutoka Goma, kifungua mimba ndiye yaya: anaamrisha, analaumiwa, na mezani anaanza yeye. Wadogo zangu wameshaolewa huko Kigali, ila cheo nilibaki nacho, na sikufichi, nilikipenda.

Halafu risasi zikalia Goma, dada yangu wa baba mmoja akavuka mpaka na begi moja, akaja kwetu. Baba, Mungu amrehemu, alimzaa kabla hajamwoa mama. Tulijua yupo, hatukuwahi kuishi naye. Mama alimpokea vizuri, vizuri mno. Akampa kikombe cha maua na kiti chenye mto. Akigusa sufuria tu, mama anampokonya: “Acha, we uko mugeni.” Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyolelewa. Miezi ikapita, jembe hakupewa. Begi lake likakaa mlangoni, limefungwa. Mgeni huaga, na yeye hakuwa na pa kwenda. Nami nilingoja mama aanze kumpa kazi, maana nyumba ni yake.

Jirani yangu Mkorea, anayefundisha ushonaji karibu na soko, ana tabia moja: hajakaa, ameshakuuliza umri. Mara ya kwanza nilikasirika. Ala! Mtu mzima anaulizwa miaka hivi hivi? Akacheka, akasema kwao bila umri hajui akuiteje. Mwanamke humwita dada mkubwa onni, mwanamume humwita nuna. Kaka mkubwa kwa mwanamke ni oppa, kwa mwanamume ni hyong. Na si wa tumbo moja tu, hata rafiki, hata mwenye duka. Mdogo anaitwa jina lake, basi. Nikamwambia Kinyarwanda nacho kina mambo hayo: dada mkubwa ambaye mwanamke humwita mukuru wanjye, mwanamume humwita mushiki wanjye. Tangu siku hiyo nikawa onni wake.

Jumapili moja nikamwalika. Kulikuwa na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga, maharage, na viazi vya Bugeshi. Kabla hajakaa, akamgeukia dada: “Miaka ngapi?” Dada akataja kwa sauti ndogo. Mkorea akanitazama, akamtazama yeye, akainama mbele yake.

“Basi wewe onni mukubwa. Huyu wa pili.”

Nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Wa pili, mimi! Mama alikuwa pembeni, ameshakula mapema kwa sababu ya dawa zake.

Nikachukua kijiko. Mkorea akanishika mkono. “Bado. Onni mukubwa hajaanza.”

Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kwenye chakula. Tukangoja. Dada akakitazama kijiko chake, akamtazama mama, machozi yakamlengalenga.

“Muanze tu,” akasema. “Mi niko mugeni.”

Hakuna aliyeanza. Njaa ilikuwa inaniuma, na hasira imeisha, nikajikuta namwombea mwanamke huyu ale. Chakula kikaanza kupoa.

Mama akainuka. Nilidhani anatoka nje. Akakiondoa kikombe cha maua mbele ya dada, akamwekea cha plastiki, kama vyetu.

“Kula, mutoto yangu,” akamwambia. “Wadogo yako wako na njaa. Na vyombo, leo utaosha wewe.”