Mwanamume aliyesikika chumbani mwa kizuka

Wakuu wa jukwaa, salaam kwenu nyote.

Kosa nitakalolifichua hapa lina jina, nalo ni dhana: kumhukumu mtu kwa kilichosikika dirishani kabla ya kupiga hodi na kuuliza. Si kosa la wajinga peke yao. Wenye elimu na wenye kuswali hulitenda vilevile, tena kwa ufasaha zaidi.

Nimesukumwa kuandika na mjadala wenu kuhusu walimu wa lugha wa mtandaoni. Mmoja aliuliza kama mtu aweza kweli kufundishwa na mwalimu asiyekuwapo chumbani. Mimi nilifundishwa hivyo, Malindi, miaka ya themanini. Nitakayoyasema yalinipata mimi mwenyewe. Waliokosea sitawataja, jina moja tu nitalitoa, mwishoni.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa hoteli, akiwaendesha watalii wa Kiitaliano. Wenzake walikiokota Kiitaliano ufukoni, neno hapa, neno pale. Yeye alitaka kukisoma kwa mpango. Akampata mwalimu mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiwarekodia wanafunzi wake wote, wanawake kwa wanaume, masomo yaleyale kwenye kaseti na kuyatuma kwa basi. Mwanafunzi alirekodi majibu yake, akayarudisha, na mwalimu akayasahihisha kwa sauti. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu.

Alikuwa amefika kaseti ya tatu homa ilipomchukua. Tulikuwa na binti mmoja, bado ananyonya.

Nikaingia eda. Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, wala haposwi. Kwetu pwani huitwa kizuka, na desturi humkaza kuliko sheria yenyewe. Hata kuonana na wanaume wasio maharimu wake huepushwa nako.

Chumbani mlikuwa na redio ya kaseti, na zile kaseti tatu.

Nawaambia bila haya kwamba sikusukumwa na huzuni kuziwasha. Ilikuwa hamu ya kujua. Kila jioni mume wangu alijifungia na ile sauti, akitoka anatabasamu. Nilitaka kujua walikuwa wakizungumza nini.

Shangazi yangu aliyekuja kukaa nami alikuwa akilala baada ya adhuhuri. Hapo ndipo nilipoiwasha redio, kwa sauti ndogo ili nisimwamshe.

Utaratibu wa mwalimu ulinishangaza. Aliuliza swali kwa Kiitaliano, akalirudia kwa Kiswahili, kisha akanyamaza ili ujibu. Baada ya kimya alisema: “Molto bene. Vizuri sana.” Hata ukiwa umejibu upuuzi, au hukujibu kabisa, alikusifu tu.

Sasa fikirieni wifi yangu, dada wa marehemu, akipita kichochoroni siku moja. Anasikia mwanamume, kwa sauti ya chini, chumbani mwa kizuka:

“Je, bibi, umeolewa?”

Kisha kimya. Mimi nilikuwa sijui nijibu nini. Nimeolewa au sikuolewa?

“Vizuri sana,” akasema yule mwanamume.

Wifi hakupiga hodi. Alikwenda kuwaita wakubwa.

Walirudi watatu: wifi, ami wa marehemu, na mama mkwe. Ami alisimama ukumbini ametupa mgongo, kwa kuwa haikumpasa kunitazama.

“Yuko wapi?” wifi akauliza.

“Nani?”

“Huyo anayekuuliza kama umeolewa! Na ndugu yangu udongo wa kaburi haujakauka!”

“Bibi,” ami akasema akiuelekea ukuta, “mtoe kwa uzuri, tusijaze watu. Na ikiwa ni kweli, eda ikiisha utarudi kwenu Mambrui. Mtoto ni wetu, atabaki.”

Nilimkumbatia binti yangu, nikanyosha kidole kwenye redio.

Wifi akainama kuchungulia uvunguni mwa kitanda. Alitoka huko na kiatu kimoja cha kaka yake. Akabaki amekishika.

“Redio,” akasema, ingawa sauti ilikwisha kumpungua, “haimuulizi mtu kama ameolewa.”

Mama mkwe alikuwa bado kizingitini. Tangu maziko hakuwahi kuingia chumba kile. Alilala kwa bintiye, hasemi na mtu.

“Iwashe,” akasema.

Nikabonyeza. Mwalimu akauliza jambo kwa Kiitaliano, kisha akalirudia: “Una watoto wangapi?”

Kimya.

“Wawili,” mama mkwe akaijibu redio. “Mmoja nimemzika.”

“Molto bene. Vizuri sana.”

Hakuna aliyecheka. Ami alikohoa.

“Mwalimu wenu hana adabu,” mama mkwe akasema. Kisha akavuka kizingiti, akaketi mkekani kando yangu. “Lakini ameniuliza, akanyamaza nikajibu. Nyinyi mnanipa pole tangu siku ile, mnasema nyinyi, mnajijibu nyinyi. Rudisha nyuma.”

Nikarudisha. Swali lilipoisha niliisimamisha kaseti, asije akakatwa na sifa. Akamweleza yule mwalimu habari za mwanawe: alivyochelewa kutembea, alivyopenda ukoko wa wali, alivyoogopa paka hadi ukubwani. Wifi alisikiliza akilia na kiatu mkononi.

Alipomaliza aliuambia ule mgongo wa ami: “Kesho nitakuja, na kesho kutwa. Atakayesikia sauti ya mwanamume humu ajue na mimi nimo. Na mtoto hatoki kifuani mwa mamake.”

Ami akajibu, “Haya, shemeji,” akaenda zake.

Alikuja kila siku hadi eda ikaisha, tukijibu masomo pamoja na kujirekodi. Nilipotuma kaseti ya majibu yetu Mombasa, mwalimu akarudisha masahihisho na swali: “Huyo bibi wa pili ni nani? Mbona anatamka kukushinda?” Mama mkwe alitembea na sifa hiyo mtaa mzima.

Wifi aliniomba radhi mwaka uliofuata, kwa sahani ya mahamri, nami nikaipokea. Kiitaliano kile kilinipa kazi ya mapokezi hotelini, na kazi ile ilimsomesha binti yangu, aliyelelewa mikononi mwangu.

Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu maadili, na bado naona fardhi ya kwanza ni hii: uliza, kisha nyamaza. Wengi wetu tunaliweza la kwanza tu. Dhana hukaa pale ambapo kimya hicho kilistahili kuwapo.

Wakuu, semeni nanyi. Ni nani aliyekusikiliza siku ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuhukumu? Mimi nilipewa mtu wa namna hiyo, naye ni mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi binti Shee.